Karatasi Juu ya Ufa

Gundi ya unga hupikwa kama uji. Unatia maji kidogo, unga wa ngano kijiko au viwili, unakoroga motoni mpaka inavutika, kisha unaiacha ipoe. Niliipika asubuhi moja, nikakata kipande cha karatasi kwenye mfuko wa unga wenyewe, nikakibandika juu ya ufa uliokuwa ukutani mwa chumba changu cha kulala, darini, ghorofa ya juu, upande wa kitanda. Halafu nikakaa kitako nikaitazama karatasi ile kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasije yakamwagika.

Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha. Nyumba zetu hizi za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na nyumba ya mawe haikosi ufa. Lakini kuna ufa uliokufa na ufa ulio hai. Uliokufa umekaa tu, unaweza kuuzoea kama kovu la mtu wako. Ulio hai unatembea, ila kwa mwendo ambao jicho haliuoni. Basi unabandika karatasi, nusu huku nusu kule. Ikikaa nzima, lala. Ikipasuka, hama. Alikuwa akiyasema hayo mawili kwa sauti ile ile, lala, hama, kama anampimia mteja kitambaa. Alikuwa muuza kanga Biashara Street umri wake wote, na hata nyumbani alisema maneno kwa kipimo.

Nikitaja kanga, nisimame hapa kidogo. Mimi miaka siijui kwa tarakimu. Shule nilisoma kidogo, babangu akasema yatosha. Chuoni nikahitimu msahafu. Kusoma najua, kuandika ndio huku mnakokuona. Lakini ukiniuliza jambo fulani lilikuwa lini, nitakwambia wakati ule tulikuwa twavaa kanga gani. Mwanangu wa kwanza ni wa wakati wa kanga nyekundu yenye korosho nyeusi. Mamangu alifariki wakati wa ile ya samawati yenye mkufu pembeni, ambayo ilikuwa ikichuja rangi, tukatoka matangani wanawake wote mikono ya samawati. Kanga moja ilikuwa ikikaa, mji mzima unaivaa, inazeeka nasi. Siku hizi yatoka mpya kila nikigeuka. Mume wangu mwenyewe alilalamika kabla hajafariki, akasema, "Hii sijaijua hata yaitwaje, na ishaondoka." Tangu hapo sijui tena mwaka waanzia wapi na waishia wapi.

Turudi ukutani.

Mume wangu alifariki baada ya magharibi, jua lishazama, isha haijaadhiniwa. Kwetu sisi siku huisha jua likizama; kiza kikiingia ni siku nyingine. Kwa hivyo kwangu alikufa siku ya pili yake. Mwanangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliiandika kwenye simu yake ile siku ambayo mimi nilikuwa nishaiaga. Hatukubishana. Nani atabishana na mtoto aliyefiwa na babake, ati wabishania siku? Lakini ukumbuke, kwa sababu ndipo mambo yalipoanza kupishana.

Mwanamke wa kwetu akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajitii wanja, hajifukizi udi, havai asumini. Na miezi hiyo ni ya mwandamo, ya huu mwezi wa juu mbinguni. Mimi naihesabu kwa pingili za vidole. Mwanangu akaihesabu kwa simu, kwa miezi ya ofisini. Yeye ni karani kule Kilindini, anashughulika na makaratasi ya kutoa mizigo bandarini, na kwake mwezi ni ule wa mshahara. Miezi yake ni mirefu kuliko yangu. Basi eda yake ilikuwa imepangwa kwisha siku chache baada ya yangu, na yeye hakujua, nami sikumwambia.

Aliyekaa nami eda nzima ni wifi yangu, dada wa marehemu, mkubwa kwangu, magoti mabovu, mdomo mzima. Alipoiona ile karatasi mara ya kwanza akasema:

"Hiyo ni nini, hirizi?"

"Ni ya ukuta."

"Ukuta wataka hirizi? Wewe ndiye wa kutaka hirizi, wifi. Uso umekushuka kama pazia lililokatika kamba."

Nikamwonesha ufa. Akauvalia miwani, akaiondoa miwani. "Huu mbona ulikuwapo siku tuliyokuleta bibi harusi?"

"Ule wa siku hiyo ulikuwa mfupi."

"Basi na mimi nilikuwa mrefu," akasema, akaenda zake kula mahamri.

Sasa niwaambie kilichouamsha ule ufa. Nyumba ya jirani, iliyoshikana ukuta na yetu, ilikuwa imeuzwa. Wenyewe walikwenda zao ng'ambo, wakafuatana mmoja mmoja, na mnunuzi akataka kujenga ghorofa ya kupangisha wageni. Mume wangu hakutimiza arubaini kaburini, vijana wakaja na nyundo.

Watu huogopa usiku. Mimi niliogopa mchana, kwa sababu usiku nyundo zililala. Kukicha tu moyo wangu ulianza kutega sikio. Nilikuwa nikijua wakati kwa sauti za mtaani, sina haja ya saa: mwenye kahawa akigonganisha vikombe vyake, watoto wa chuoni wakirudia juzuu kwa pamoja, mama wa mtaa wa pili akimwaga mafuta ya bajia ndani ya karai, shhh. Hizo zote nyundo zikazifunika. Likaja pigo moja, kitanda kikatetemeka, vumbi la chokaa likashuka juu ya foronya. Nikangoja la pili. Likichelewa ndio vibaya zaidi, maana hujui amepumzika au ameinua mkono.

Na jua nalo likaharibika. Dirisha langu la upande ule lilikuwa likitazamana na ukuta wa jirani, chumba changu hakikupata kuona jua la asubuhi tangu nilipoletwa bibi harusi. Walipovunja ghorofa ya juu, mwanga ukaingia. Nikaamka siku hiyo nikaukuta umejaa mpaka miguuni mwangu, mweupe, mkali, nikadhani ni adhuhuri. Nikaruka kitandani nalia, nikasema nimelala alfajiri imenipita, nimelala siku nzima, labda nimelala siku mbili, nani ajuaye? Wifi akaja anachechemea. "Ni asubuhi, wewe! Chai hata haijachemka." Sikumwamini mpaka niliposikia vikombe vya kahawa. Tokea siku hiyo nikalifunga lile dirisha, nikalitundikia kanga. Nilijiambia ni kwa ajili ya eda, vijana wa nyundo wasinione. Na ni kweli, haikufaa wanione. Lakini kweli nyingine ni kwamba sikutaka lile jua.

Mwanangu alikuja kila Ijumaa baada ya sala, na mfuko wa matunda. Yeye anakaa Tudor, kwenye ghorofa refu, na tangu babake hajafa alikuwa akitubembeleza tuhamie kwake. Ijumaa moja akauona ufa, akauwekea kiganja.

"Mama, nimemuuliza ustadhi."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu wewe. Asema mke aliye edani, nyumba ikiwa yataka kuanguka naye akahofia nafsi yake, ana ruhusa kuhama, akamalizie eda pengine. Hiyo ni dharura. Mradi awe na hofu. Sasa nakuuliza, waogopa?"

Wifi alikuwa pembeni anamenya kitunguu thomu. Kisu kikasimama.

"Nimezaa watoto wanne chini ya ukuta huu," nikamwambia.

"Sikuuliza umezaa wangapi, mama. Waogopa?"

"Siogopi."

Akageukia karatasi. "Na hii?"

"Mende," nikasema. Sijui hata nilitaka kusema nini.

Wallahi mimi nilikuwa naogopa sana. Lakini nilikuwa na hofu mbili, na moja ilikuwa inaikalia nyingine. Nilikuwa nikiuogopa ukuta, ndio. Lakini nilikuwa nawajua wanawake wa mtaa wetu waliotoka "kwa muda." Mmoja alikwenda kwa bintiye kutibiwa jicho. Mlango ukafungwa kufuli, na baada ya kitambo mlango wenyewe ukang'olewa, ule wa nakshi, ukauzwa, pakawekwa bati. Jicho lilipona. Alirudi kutazama, akasimama mbele ya bati na mkoba wake, hajui abishe hodi wapi. Nilikuwa nimemwona nikiwa dirishani kwangu. Basi nikajisemea, mwanamke wa eda hatolewi kwake. Madhali niko edani, hakuna wa kunigusa. Nikajifunika eda kama shuka.

Karatasi ya kwanza ilichanika. Lakini nilipoikaribia nikaona kingo zimeliwa, na mende kweli hupenda gundi ya unga, kila mwanamke ajua. Nikasema si ukuta, ni mende. Nikapika gundi nyingine, safari hii nikaitia maji ya majani ya mwarobaini, machungu hayo hayaliwi na mdudu yeyote. Nikabandika karatasi mpya. Nikawa siwezi kupita bila kuitazama. Naitazama kabla ya sala, naitazama baada ya sala, na Mungu anisamehe, mara nyingine katikati.

Siku za eda zilikuwa na mwendo wa ajabu. Nikiitazama karatasi, wakati hausogei kabisa. Nikiufikiria mwisho wa eda, wakati wakimbia kama umeiba kitu. Nilikuwa nataka siku zisimame na nataka zipite, vyote kwa mpigo mmoja, na mtu hawezi kuishi hivyo akabaki na akili. Nilianza kuweka chumvi kwenye chai.

Mwezi ukaandama wa nne. Siku zikaja za juu yake. Asubuhi moja nikafika mwisho wa pingili zangu. Eda yangu ilikuwa imekwisha. Mwanamke siku hiyo huogeshwa, akavishwa nguo mpya, akafukizwa udi, shoga zake wakaja wakanywa kahawa na halua. Mimi nikavaa gauni lile lile. Wifi alikuwa akinitazama juu ya ukingo wa kikombe.

"Leo si leo?"

"Leo ni nini?"

"Aa. Nauliza tu."

Kwenye simu ya mwanangu zilikuwa bado siku. Alikuwa ameshapanga gari la kuchukua vitu. Nikaona basi, siku hizo ni zangu, hazina mwenyewe. Si za eda, si za Tudor. Nikazikaa kimya. Wifi alinyamaza kesho yake, kesho kutwa akashindwa.

"Wewe, kakangu hakukwambia ukae mpaka uote mizizi."

"Mwanangu amesema bado."

"Mwanao alizaliwa jana! Tangu lini yeye amekuhesabia mwezi?"

Wifi akavuta mguu wake mbovu kwa mikono miwili akaupandisha kitandani. Nadhani hata yeye hakuwa na haraka. Alizaliwa katika nyumba ile.

Karatasi ya pili haikupasuka kwa sauti. Nilikuwa nakunja mswala baada ya sala ya dhuha, nyundo zimeshaanza, nikainua macho kwa mazoea tu, na ilikuwa vipande viwili. Kingo safi. Kama iliyokatwa kwa wembe. Kati yake ukucha wangu uliingia, na nilipoutia nikahisi upepo. Upepo wa nje, mamangu, unatoka ukutani kwangu.

Nikaita. Wifi akaja, akagusa kingo za karatasi. Pigo la nyundo likaja, tukaona sote wawili vile vipande vya karatasi vikipeana nafasi.

"Vaa buibui," akasema.

"Na eda ya mwanangu?"

"Simu yake na ikae eda. Vaa!"

Ngazi za nyumba yetu ni za mwinuko, na wifi magoti hayakunji. Alishuka kinyumenyume kama mtoto, ameshika kamba, mimi chini yake namwekea miguu yake kipandio kwa kipandio. Kila pigo tulisimama. Nilikuwa nasema shahada, naye alikuwa akisema, "Usinishike hapo, wanitekenya." Tulicheka, ndio, tulicheka kwenye ngazi ile, kicheko cha kutetemeka, mpaka nikahofu tutaanguka sisi kabla ya nyumba. Nilikuwa nimebeba msahafu na ile wari ya mbao ya mume wangu, ya kupimia kitambaa. Kwa nini wari, sijui. Pesa na vitambulisho vilibaki kabatini.

Nje jua lilinipiga. Nilikuwa nimesahau kwamba uchochoro una mbingu, na sasa mbingu yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa nyumba ya jirani haikuwapo. Paliposimama nyumba palikuwa na hewa. Tuktuk ikatupigia honi. Tukavuka, tukaketi kwenye baraza ya upande wa pili, wawili, tumejaa vumbi kama tumetoka kwenye pipa la unga.

Vijana wa nyundo walikuwa juu ya kifusi. Nilikuwa nimewafanya kichwani mwangu majitu. Walikuwa vijana wa bara ya karibu, wa Kaloleni huko, vitambaa vimefungwa puani. Mnyapara wao akateremka mbio, akasimama mbali kwa adabu.

"Shikamooni, mama."

"Marahaba."

"Mwatoka wapi?"

Wifi akaonesha kwa kidole.

Yule bwana akageuka akaitazama nyumba yetu, akatutazama sisi. Akainua mkono, nyundo zote zikakoma. "Mle mna watu?" akasema. "Sisi tuliambiwa ni nyumba tupu. Dirisha limefungwa miezi yote hii, hatukupata kuona mtu wala kusikia sauti. Tuliambiwa mwenyewe amekufa."

"Mwenyewe amekufa," nikamwambia. "Mimi ni mkewe."

Nimeogopa mengi maishani, lakini hakuna lililonishika kama lile. Miezi yote ile mimi nilikuwa nikisikiliza nyundo, nikidhani nyundo zanijua. Upande wa pili wa ukuta, umbali wa mkono, watu walikuwa wakifanya kazi yao kwa amani, na mimi kwao nilikuwa nishaondoka. Nilikuwa nimejificha vizuri mno.

Mwanangu alipigiwa simu, akafika kabla ya adhuhuri, shati la kazini limelowa. Akaniona barazani kwa watu, akasahau hata salamu.

"Mama! Eda! Bado siku, mama."

"Imekwisha."

"Imekwisha lini?"

Nikatazama chini. Wifi akajibu, "Tangu mwezi wenyewe ulipotaka."

Akakaa baina yetu. Akahesabu kwa vidole vyake, midomo yamcheza, nikaona inamfikia: miezi ya juu, miezi ya simu, na jua lililozama siku ile ya babake. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Kwa hivyo siku hizi ulikuwa umekaa tu. Ndani ya ukuta ule."

"Ndio."

"Waogopa, mama?"

"Naogopa," nikasema. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na likitoka likanivuta machozi yote niliyoyazuia matangani. "Niliogopa kukaa. Na nikaogopa kutoka zaidi."

Tulikaa barazani mpaka alasiri, tunautazama ukuta, tunangoja uanguke. Watu walipita wakatupa pole, mwenye kahawa akatupa kahawa. Haukuanguka. Jua likaanza kulala, wifi akauambia, "Basi anguka tuone, usituaibishe," na ukasimama vile vile. Kisha mwanangu akaleta gari.

Sasa nipo Tudor, ghorofa ya nne. Wifi yupo chumba cha pili, anamfundisha mkwe wangu, mke wa mwanangu, kupika anavyojua kupika. Nyumba haijaanguka. Fundi aliitia miti ya kuegemeza, nyundo zimesimama mpaka mwanangu na yule mnunuzi wakubaliane, na kila mtu wa mtaani akija kunitazama, kabla hajaketi namuuliza, imesimama? Imesimama. Mlango upo? Upo. Simu ikilia wakati si wake, namwachia wifi aipokee.

Hapa sisikii kitu. Madirisha ni ya kioo, vikombe vya kahawa havifiki. Mchana waingia na kutoka bila kubisha hodi, nami nagutuka nakuta ni magharibi.

Juzi nilipika gundi, na mwarobaini wake, nikabandika karatasi ukutani kando ya kitanda. Mkwe wangu aliikuta akifagia.

"Mama, hapa hapana ufa."

"Najua."

"Niitoe?"

"Iache, mwanangu."

Akaiacha. Ni nzima. Nimeitazama kabla ya kuketi kuandika haya, na nikimaliza nitaitazama tena.